Impreza ya 1998 inalala konani: nianze na springi au na shoki?

"Salaam aleikum fundi. Niko Malindi, nina Subaru Impreza WRX ya 1998. Mwaka huu nimeanza kwenda bara siku za uwanja wa mbio, kule Athi River, na nimenogewa. Shida ni kwamba gari linalala sana kwenye kona, pua inakataa kuingia na kutaka kwenda moja kwa moja, na tairi za mbele zimelika ukingo wa nje hadi zimeota manyoya. Rafiki yangu ananiambia nikate springi mzunguko mmoja na nusu, gari lishuke, litaacha kulala. Fundi mmoja wa Mombasa naye ana koilova za mtumba kutoka Japani (shoki na springi zilizofungwa pamoja, zenye uzi wa kupandisha na kushusha gari), anasema nikizifunga hizo nimemaliza kazi. Gari ni hilo hilo ninaloendea kazini na kupelekea watoto shule. Shoki zilizomo sijawahi kuzibadilisha tangu nilinunue. Nianze na lipi nisije nikatupa pesa?"

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Springi usikate, na hizo koilova mwambie fundi akae nazo kwanza. Sentensi iliyonishtua katika barua yako ni ile uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo: shoki hujawahi kuzibadilisha. Gari la 1998 ambalo limekula matuta ya Gede na upepo wa chumvi miaka yote hiyo halijafika mahali pa kuongezewa makali. Kwanza lirudishwe lilivyokuwa. Sehemu kubwa ya unachokitafuta uwanjani tayari Subaru walikutengenezea, ila kimechakaa chini ya gari bila wewe kukiona.

Lakini tuongee kwanza juu ya kulala, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Gari likiingia kona, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda tairi za nje. Unahama kiasi gani? Inategemea uzito wa gari, ukali wa kona, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Springi haimo katika hesabu hiyo. Gari lako lina kilo kama 1,250. Tuchukue kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, upana wa tairi kwa tairi ni mita 1.46, na unapiga kona kwa nguvu ya pembeni iliyo sawa na 0.9 ya uzito wa gari. Zidisha 1,250 kwa 0.9, kisha kwa 0.5, gawa kwa 1.46: kilo 385 zimehamia upande wa nje. Funga springi laini, zitahama kilo 385. Funga springi ngumu kama nguzo, zitahama hizo hizo. Ukilishusha gari sentimita 3 ndipo zinapungua kidogo, zinakuwa kama 362. Sentimita tatu nzima, umeokoa kilo 23.

Kwa hiyo springi ngumu haizuii uzito kuhama. Inapunguza bodi kulala, na inaamua mzigo unaohama ubebwe zaidi na tairi za mbele au za nyuma. Hayo mawili yana maana kubwa, na hasa hilo la pili, kwa sababu ya tabia ya mpira wa tairi: ukilipa tairi mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Ni kama mahamali wawili pale sokoni. Kila mmoja akibeba gunia moja, kazi inakwenda; mmoja ukimtwika yote mawili na mwenzake umemwacha mikono mitupu, huwezi kutarajia kazi ile ile. Tairi la nje la mbele kwenye gari lako ndilo hamali wa magunia mawili. Impreza ina injini mbele ya ekseli, pua nzito, na tairi hilo hilo linaombwa lizungushe gari na wakati huo huo lilivute. Linachoka kabla ya wenzake, ndiyo maana pua inakwenda moja kwa moja.

Na manyoya ya ukingoni? Impreza hiyo ina muundo wa MacPherson mbele na nyuma, yaani shoki ndiyo inayosimamisha gurudumu. Uzuri wake ni urahisi. Ubaya wake ni kwamba bodi ikilala, tairi la nje linalala nayo na kukanyagia bega lake la nje, huku sehemu ya ndani ikiwa haina kazi. Hapo ndipo kulala kunapokuponza. Dawa yake ya kwanza ni kulipa tairi mlalo wa kuingia ndani tangu gari likiwa limesimama, ule mafundi wa alaimenti wanaouita kemba, ili likifika konani na bodi ikalala, lijikute limekaa bapa juu ya lami. Gari likitoka kiwandani kemba ya mbele huwa karibu na sifuri. Kwa matumizi yako mimi ningeipeleka digrii 2 kuingia ndani kwa mbele, moja na nusu kwa nyuma. Na wala si ghali: zile boliti mbili zinazoshika shoki ya mbele kwenye kitako cha gurudumu, ya juu yake ina umbo la yai. Ukiizungusha, tairi linalala. Ikigoma kufika digrii mbili, zipo boliti za aina hiyo zenye yai kubwa zaidi. Badiliko hili peke yake utalisikia kwenye usukani kuliko koilova za mtumba.

Sasa rafiki yako na msumeno wake. Springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi, hilo kweli, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache. Lakini haiwi ngumu kiasi cha kutosha kufidia ulichoshusha, na hapo kuna mambo anayosahau. Kwanza, ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake. Gurudumu likining'inia juu ya jeki au juu ya tuta, springi inaweza kutoka mahali pake. Pili, shoki ni ile ile ndefu ya kiwandani. Umeshusha gari sentimita 5, umekula sentimita 5 za safari yake ya kupanda. Ile raba ya kikomo iliyo ndani sasa iko karibu sana, na katikati ya kona shoki inaifikia. Sekunde moja kabla ulikuwa na springi, sekunde inayofuata umekalia jiwe. Tairi linapokea mzigo kwa kishindo na kuachia bila kuaga. Uwanjani utaishia kwenye majani. Kwenye barabara ya Mombasa utaishia upande wa pili.

La tatu ndilo lisilosemwa sana. Kwenye MacPherson, ukishusha gari, mkono wa chini, kile chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, unainuka upande wa gurudumu. Ukipita kiasi, kile kitovu ambacho bodi inazungukia inapolala kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka. Nafasi kati yao inakua, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala. Yaani umeshusha gari lisilale, na umelipa sababu mpya ya kulala. Kuna njia ya kujua bila kompyuta. Egesha gari mahali pa sawa, lala chini uangalie mkono wa mbele. Bolijointi, kile kiungo cha duara cha upande wa gurudumu, inatakiwa iwe chini ya ile boliti ya ndani ya mkono, au kwa uchache ziwe sawa. Ikiwa bolijointi imepanda juu kuliko boliti ya ndani, umeshuka kupita kiasi. Kwa gari kama lako sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Zaidi ya hapo unahitaji bolijointi maalumu za kurekebisha jiometri, na hiyo ni gharama nyingine.

Tuje kwenye shoki, maana hizi watu wanazielewa vibaya. Shoki haibebi gari. Kinachobeba ni springi. Shoki inaamua springi ijibane na kuachia kwa kasi gani, na inafanya hivyo kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo. Mafuta yanapata moto, gesi inavuja, sili inachoka, mapovu yanachanganyika na mafuta, na pistoni inakuwa inasukuma povu. Dalili yake uwanjani ni hii: mzunguko wa kwanza gari lina adabu, wa nne limekuwa mashua. Ile desturi ya kubonyeza boneti kwa mikono na kuhesabu gari limecheza mara ngapi haitoshi, kwa sababu mikono yako haiwezi kuisukuma shoki kwa kasi ya kona au shimo. Itoe nje. Isimamishe wima, ibonyeze taratibu hadi chini, kisha ivute. Ukisikia pahali patupu pasipo na ukinzani wakati wa kugeuza, imekufa. Ukiona mafuta yaliyoshikana na vumbi shingoni, imekufa pia, hata kama haijakuambia.

Na hapo hapo unaweza kuihukumu koilova ya mtumba. Nayo ni shoki, ina mafuta, ina sili, ina umri. Ilitolewa kwenye gari Japani kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ni kwamba ilichoka. Fundi atakuonyesha rangi nzuri na uzi wa kuzungushia. Ndani hakuna anayeona. Isitoshe, springi zake ni kilo ngapi kwa milimita, yaani kuibana milimita moja kunataka kilo ngapi? Kama hajui, hujui unachonunua. Tazama hesabu. Kila kona ya mbele ya gari lako springi inabeba kilo kama 340. Springi ya kilo 2.5 kwa milimita, ambayo ni laini kama ya barabarani, inalipa gari mdundo wa mara 1.35 kwa sekunde. Unasafiri na chai mkononi. Kilo 5 kwa milimita inafika mara 1.9, hapo ndipo gari la uwanja na barabara linapokaa vizuri. Kilo 8 inafika mara 2.4. Hiyo ni ya mtu anayelipeleka gari uwanjani juu ya trela. Wewe unakwenda kwa magurudumu yako zaidi ya kilomita 500, unakimbia siku nzima, halafu Jumatatu kuna watoto wa shule. Na lami ikiwa na mabaka, springi ngumu mno inalirusha tairi hewani badala ya kuliacha lifuate ardhi. Tairi lililo hewani halina mshiko wowote.

Kwa hiyo ningekuwa wewe pesa ningezitoa hivi. Kwanza tairi na breki, hata kabla ya kugusa springi. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira wa pwani unazeeka kwa jua hata ukiwa na meno. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu, na hewa yetu haina uhaba wa unyevu: DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ila ikishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Pedali ikizama mwisho wa barabara iliyonyooka hutakumbuka kemba. Mafuta mapya kabla ya kila safari ya uwanja, na pedi zinazovumilia moto.

Halafu bushi, zile raba zilizo kwenye viungo vya mikono. Chukua mtarimbo, weka kati ya mkono wa chini na fremu, vuta kidogo kidogo. Bushi nzima inanesa na kurudi. Iliyokufa inacheza na unaona mpasuko wa raba ukifunguka. Cheki pia tairodi, bolijointi na beringi za nyuma, ambazo kwa Subaru za miaka hiyo hazina sifa ya kudumu. Bushi za raba mpya zinatosha kabisa. Zile za polyurethane zinakaza usukani kweli, lakini zinataka grisi, la sivyo zitakulilia kila tuta kuanzia Msabaha hadi Kilifi. Na jambo moja mafundi wengi wanalipuuza: boliti za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inajifunga katika hali hiyo. Ukiteremsha jeki inajinyonga, na baada ya miezi michache imechanika, ukalaumu spea.

Kisha shoki mpya nne na springi za kushusha sentimita 2 au 3 zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na raba za juu za shoki na vikomo vipya. Shoki ziwe aina inayokubali springi hizo, maana shoki ya kiwandani ikifungiwa springi ngumu haiwezi kuituliza. Nunua mahali unapoweza kurudisha. Soko lina feki nyingi za majina makubwa.

Baada ya hapo alaimenti, na hii ya uwanja unaweza kuikagua nyumbani kwa mshipi wa kuvulia samaki. Jaza upepo sawasawa, nyoosha usukani, sukuma gari nyuma na mbele mita chache ili springi zitulie baada ya jeki. Weka stendi mbili mbele na mbili nyuma, pitisha mshipi kila upande kwa urefu wa katikati ya gurudumu, uvute hadi ulie ukiupiga kidole. Usogeze mpaka umbali kutoka katikati ya gurudumu la kushoto hadi mshipi ulingane na wa kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Mbele na nyuma hazitalingana zenyewe kwa zenyewe, usihangaike, upana wa ekseli hizo si mmoja. Sasa chukua rula ya chuma, pima kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu upande wa mbele wa gurudumu, kisha upande wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayokuambia tairi linatazama ndani au nje kwa milimita ngapi. Tairi za mbele nataka zitazame mbele kabisa, sifuri. Za nyuma ziingie ndani milimita moja, ili mkia utulie. Kemba ya digrii mbili haitakumalizia tairi katika safari ya Nairobi. Tairi zinazotazama nje ndizo zitakazokumalizia.

Hapo nenda uwanjani, ukimbie, usikilize. Pua ikiwa bado nzito, ongeza stabilaiza ya nyuma, ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na uwe na kiasi. Ugumu wa chuma hicho unakua kwa kipeo cha nne cha unene wake: kutoka milimita 17 hadi 20 si nyongeza ndogo, ni karibu maradufu. Kinahamishia kazi nyuma, pua inapata nafuu, na gari linakubali kona. Ukizidisha, gurudumu la ndani la nyuma linanyanyuka na mkia unaponyoka, na utaujua vizuri Mei mvua ya masika ikiwa imelowesha lami. Koilova nzuri, mpya, zenye karatasi ya vipimo, zije baada ya haya yote, kama bado utaona kuna kitu unakikosa. Wengi hawafiki huko. Ukizifunga, uzi wake uoshe kwa maji yasiyo na chumvi na kuupaka grisi mara kwa mara. Kwa chumvi ya Malindi uzi unaoachwa mwaka mzima unakuwa kipande kimoja na nati yake.

Kuna mambo usiyafanye mwenyewe, na hapo nitakuwa mkali. Kubana springi ya MacPherson bila kibano chake halisi ni hatari ya kuuawa. Usikubali fundi akuonyeshe ujanja wa waya. Ndani ya buti na chini ya boneti, toa vifuniko utazame pale shoki inaposhikwa na bodi, hasa nyuma. Kutu ya kuvimba, rangi iliyopasuka kwa mduara, au bati linalosikika bovu ukiligonga: simamisha kila kitu, lipeleke kwa mtu wa bodi anayejua kuchomelea sehemu zinazobeba mzigo, si wa kupiga fila. Gari lenye kutu hapo lisiende uwanjani hata kwa siku moja. Vivyo hivyo usukani ukiwa na mchezo au gurudumu likinguruma unapopinda. Na soma hati yako ya bima kabla hujaondoka, kwa kawaida mashindano na majaribio ya kasi hayamo. Kujaribu shoki mpya kwenye barabara ya Lamu usiku ndiyo kabisa usifanye.

La mwisho halihusu springi, lakini wewe ni mtu wa Subaru, lazima nilitaje. Tairi na mlalo vikikaa sawa, gari litashika kona ndefu kwa nguvu zaidi kuliko zamani, na katika injini hizi za bapa oili inakimbilia upande mmoja na kuacha mdomo wa pampu ukivuta hewa. Oili iwe kwenye alama ya juu kabisa ya kijiti kabla hujaingia, ipimwe tena kila ukitoka, na taa ya oili ikikonyeza hata mara moja, toa mguu.